Rafu ya Mavyaa

Nyumbani kwa mavyaa yangu Zulmira
sufuria hazikai kabatini.
Zimepangwa ukutani, mkabala na mlango, kumi na moja,
kuanzia ya maharage ya msiba
hadi ya kuchemshia yai moja,
na mgeni akiingia hukutana na uso wake mara kumi na moja
kabla hajaambiwa karibu.

Ndivyo tulivyo huku vilimani Minas.
"Hakuna hata moja iliyowahi kulala na doa,"
aliniambia siku niliyoolewa.
Majivu, limau, sabuni ya mche, kipande cha waya,
kila Jumamosi, kwenye karo ya uani,
mpaka vitako ving'ae kuliko midomo.

Mimi nilitaka chungu cha jiwe.
Nikaenda kwa Vanderlei, mkereza mawe wa kando ya reli,
nywele zake nyeupe kwa vumbi, naye hajafika thelathini.
Alinipa kijiti. "Usitazame. Gonga."
Cha kwanza kiliita kama kengele ya kanisa la mbali.
Cha pili, kizuri zaidi, chenye mishipa ya kijani,
kilijibu du,
kama mtu anayesema sijambo na ana lake moyoni.
"Hicho kina ufa usiouona," alisema.
"Nawauzia wapanda maua."

Nikachukua chenye sauti. Kizito kama mtoto aliyelala.
Gilmar akauliza bei,
nikamtajia nusu.

Chungu cha jiwe hakiingii kazini siku ya kwanza.
Hupakwa mafuta ndani, nje, na chini ya kitako,
kikaachwa kutwa nzima kinywe.
Hujazwa maji, kikatiwa kwenye oveni ya moto mdogo
saa mbili; kisha oveni huzimwa
na mlango haufunguliwi mpaka asubuhi.
Hurudiwa. Kesho yake hurudiwa tena.
Na maji baridi ni haramu kwa chungu cha moto:
jiwe likiudhika halipigi kelele,
hupasuka tu.

Kikazidi weusi siku hadi siku,
rangi ya mvua, rangi ya moshi, rangi ya kahawa iliyokaangwa.
Siku ya nne nikapika kuku kwa bamia.
Tukala, tukanawa, tukasengenya watu,
na mchuzi mezani bado unatokota peke yake.

Wanaliita jiwe la sabuni.
Jina tu. Sabuni ndiyo adui yake.

Jumatatu nilirudi kutoka zahanati
nikamkuta mavyaa ameinama karoni,
povu hadi viwikoni.
"Nimekuonea huruma," akasema bila kugeuka.
"Kilikuwa kimeungua, mwanangu,
ukaona haya kuniambia."
Akakiinua juani:
kimepauka, kimechunwa, michirizi ya waya kila upande
kama miguu ya mtoto aliyekatiza miibani.

Nilisema asante.
Nikaingia chumbani, nikauma mto.

Mwaka jana vidole vyake vilianza kufa ganzi.
Limau likawa linamponyoka.
Siku moja kifuniko kilibingirika uani kote
na hakuinama kukiokota.

Sikuombwa. Jumamosi nilizibeba zote kumi na moja karoni,
nikachovya kitambaa majivuni,
nikazungusha mkono kama yeye, au nilivyodhani ni kama yeye.
Kufika ya sita kucha zilikuwa zinatoa damu.
Kufika ya tisa nilielewa kwa nini huwa haongei Jumamosi.

Nikazirudisha ukutani kwa mpangilio wake.
Zulmira akavuta kiti, akakaa mbele yao
kama anayetazama picha za ukoo.
Akatazama sana.
Akanyanyuka, akaizungusha ya tatu kidogo,
upande nilioruka ukaelekea ukutani.
"Zinang'aa," akasema.

Jioni ile aliomba bamia.
Nikamwekea chungu mbele,
cheusi tena, kwa mafuta ya miaka mitatu.
Akakigonga kwa kijiko, akatega sikio,
akanyoosha sahani.

Hata hivyo waya nimeuficha.
Uko juu ya friji, nyuma ya redio,
asikofika.