Mdomo wa Tatu

Mashine ililetwa Bisya mwezi wa Machi
juu ya lori, imefungwa kamba kama ng'ombe mkorofi.
Kijani, miguu minne, midomo mitatu.
Humedi, katibu wa wakulima, akanikabidhi spana
na kitabu cha maelekezo kwa Kituruki.
"Wewe," akasema, "ulikuwa fundi wa meli."
Kazi yangu ilikuwa kuzipaka rangi.
Sikumsahihisha.

Ngano huimwaga juu, na vumbi lake,
na mabua, na mavi ya mbuzi, na kokoto za wadi,
na siku moja, kifungo cha kanzu.
Feni huvuta pumzi. Makapi hurukia nje
yakatua juu ya gari la imamu.
Machekeche mawili yanatikisika:
la juu linakataa kilicho kikubwa,
la chini linaangusha kilicho kidogo mno,
na mdomo wa kwanza unatema ngano safi,
nzito, inayolia ndooni
kama mvua ya kwanza juu ya bati.
Mdomo wa pili ni takataka.

Wa tatu sikuuelewa.
Ulitoa punje nyembamba, zilizosinyaa,
zile za pembezoni mwa shamba
ambako maji ya falaji hufika yamechoka.
Si ngano, si pumba.
Nilifuata michoro ya kitabu kwa kidole:
palichorwa mshale, na kuku.

Nilipofika Maskati nikiwa na miaka kumi na tisa
karani aliniuliza kabila, nikamtajia.
Akaniuliza tena, kwa Kiarabu, nikajibu vibaya.
"Kaa pale," akasema.
Pale nilikaa miezi minane.

Alhamisi akaja Bi Thuweiba na magunia manne,
ngano ya mbegu ya mumewe marehemu,
punje ndogo, nyekundu, kama meno ya panya.
Nikawasha. Gunia zima na nusu
likatokea mdomo wa tatu.
Akachota kwa kiganja, akanusa,
akaanza kunisema kwa Kiarabu cha adabu,
mpaka hasira ikamzidi, Kiarabu kikaishia njiani:
"Mashine yako kipofu, na wewe kiziwi!
Ngano yangu waipa kuku?"

Kwa Kipemba. Kipemba cha Wete, tena,
kile cha watu wa karibu na bandari.
Shofikuli, aliyekuwa akishona magunia,
alitutazama tukicheka na asijue kwa nini.

"Lete ungo," akasema.
Ungo uliokuwapo Bisya nzima ulikuwa ukutani kwangu,
baina ya saa na maua ya plastiki.
Zeyana akaushusha mwenyewe, akaufuta vumbi kwa upindo wa kanga:
"Mwambie ni wa mama. Asiutie maji."

Aliketi juu ya ndoo, mbele ya feni.
"Washa hiyo. Polepole. Bado. Punguza."
Akapeta.
Sikutazama ngano, nilitazama kifundo cha mkono wake:
ungo uliinamia kushoto kidogo, ukainuka,
ukapigwa ukingoni kwa kiganja, tap,
pumba zikatangulia mbele, punje zikarudi nyumbani.
Nikarudi kwenye mashine na spana.
Nikaziba tundu la hewa robo tatu.
Nikaliinamisha chekeche kushoto kidogo.
Kitabu kilikuwa chini ya mguu wa nne
kwa kuwa sakafu ya ghala haiko sawa.

Gunia la pili lilitoka mdomo wa kwanza,
karibu lote.
Hakunisifu. Aliuliza ni baisa ngapi kwa kilo,
akahesabu, akapunguza mwenyewe,
na zile zilizobaki mdomo wa tatu
akanimwagia kwenye kilemba changu:
"Zako hizo. Mpe mama watoto."

Zeyana alizilowanisha usiku kucha.
Akazipika boko boko kwa nyama ya mbuzi
na samli, akisonga mpaka bega likamuuma.
Ilikuwa nzito, tamu, ya rangi ya udongo.

Tonge la nne, jino langu likagonga kokoto.
Nikaitema kiganjani, nikaisogeza kwenye taa:
nyeupe, ya wadi, sawa kabisa na punje kwa ukubwa.
Zeyana akaniuliza ni nini.
Nikamwambia kesho nitalifungua chekeche la chini.