Mbio za Sakafuni

Daktari aliandika namba tatu kwenye kikaratasi:
uzito, presha, sukari.
Zote zimepanda kama bei ya makala.
Akasema, Mama Kyakimwa, kimbia.
Nikacheka mpaka kiti kikalia.

Mimi? Kukimbia nimekimbia.
Mlima ulipotapika moto nilikimbia
na sufuria kichwani, mtoto mgongoni,
wa pili nimemkamata ukosi wa shati.
Nikakimbia tena risasi zilipoanza upande wa Munigi,
na godoro, na mbuzi asiyetaka.
Mbio zangu zote zilikuwa na mzigo
na huko nilikofika hakuna aliyenipima kilo.

Halafu, Goma hukimbii barabarani hivi hivi.
Jaribu. Shika mbio asubuhi pale Katindo:
muuza mandazi atafunika karai lake,
kijana wa chukudu atageuza chukudu,
milango ya bati itashuka mmoja baada ya mwingine,
na kabla hujafika mzungukoni
nusu ya mtaa iko nyuma yako, inahema, inauliza:
Wamefika wapi? Wamefika wapi?

Basi nakimbilia ndani.
Orofa ya pili, juu ya duka la misumari na saruji,
Bauma ameweka mashine mbili. Nzima ni moja.
Sisi tunaiita tapi.
Mwanzo, dakika tano za kutembea tu,
nimeng'ang'ania vyuma
kama mtu anayevuka mto juu ya gogo.
Wiki ya tatu nikaachia mkono mmoja.
Wiki ya sita, yote miwili.

Wahenga walisema mbio za sakafuni
huishia ukingoni.
Wahenga hawakuiona sakafu hii.
Inakuja, inapita chini yangu, inarudi,
haina ukingo,
haina mpaka wa kugongewa muhuri,
haina kambi mwisho wake.
Na mikono mitupu! Naitazama kila mara
nikidhani kuna kitu nimesahau nyumbani.

Kilo mia moja na nne. Mia na moja. Mia na mbili
(ilikuwa arusi ya Kahambu, usiniulize).
Tisini na saba.
Pete imetoka kidoleni bila sabuni.
Ngazi za kanisa nazipanda nikiimba,
zamani nilifika juu wimbo umeshakwisha.
Usiku nalala. Nalala kweli,
hata mbwa wa jirani hanipati.

Lakini mji una macho.
Umekonda, mama. Unaumwa?
Baba watoto amekunyima pesa ya sombe?
Shemeji alileta kuku na jibini la Masisi,
akakaa hadi jioni kuhakikisha nimemeza.
Sikukasirika. Hapa kitambi ni cheti:
kinasema huyu amepona.
Mimi mwenyewe kilo hizi nilizivaa baada ya kambi,
moja moja, kwa makusudi,
kila moja siku ambayo hatukulala njaa.
Nilizitunza kama gunia la maharagwe chini ya kitanda.
Kulifungua gunia, kulipunguza,
kuamini kwamba kesho nayo kutapikwa,
hilo ndilo zito. Miguu ni kazi ndogo.

Jana umeme ulikatika kilomita ya pili.
Mkanda ukasimama ghafla,
mimi nikaendelea hatua moja,
nikakumbatia vyuma gizani.
Bauma akaitukana kampuni ya umeme
kwa sauti ya chini, kwa sababu mimi ni mama mtu.
Dirishani pikipiki zilipiga honi,
mtu alikuwa akibishana bei ya nyanya,
hakuna aliyekimbia.

Jenereta? akauliza Bauma. Mafuta ni ghali.
Nikajipangusa shingo kwa kitambaa.
Nimebakiza mita mia nane, nikamwambia.
Naweza kusubiri.