Kielelezo Namba Moja

Niliandika kwa mkono, kama siku zote:
Mahakama ya Mwanzo, Tabora. Shauri la madai.
Sizya Lubala dhidi ya Nshoma, mjane wa Mihambo,
msimamizi wa mirathi isiyojaza ukurasa:
mizinga arobaini porini, baiskeli, koti.

Sizya akatoa simu, kioo kimepasuka
kama tope la mbuga wakati wa kiangazi,
akailaza mezani kwa adabu.
"Mheshimiwa, shahidi wangu ni marehemu mwenyewe."

Feni ikazimwa ili tusikie.
Kwanza mkwaruzo, kama mchele unapepetwa,
kisha Mihambo, tuliyemzika Kiloleni mwezi wa sita,
akakohoa mbele ya mahakama.
"Nakiri, ndugu yangu. Deni la madebe sita ya asali ninalo.
Sikimbii. Tumbaku ikilipwa, nawe umelipwa."

Nikaandika: nakiri, ninalo, sikimbii.
Kikohozi sikukiandika.
Mwenendo wa shauri hauna safu ya kikohozi.

"Lini hiyo?"
"Machi, mheshimiwa, tarehe kumi na mbili. Kwangu, nyuma ya stesheni."
Mjane alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane,
nimepokea fedha yangu yote, Februari,
na chini yake dole gumba la Sizya, la wino wa buluu.
Sizya akacheka kidogo. Hilo deni la kwanza, akasema.
Hili alilokiri ni jingine.

Karatasi kimya. Simu ina sauti.
Niliuona mzani unavyolala.

Ndipo Nshoma akasimama: "Naomba irudiwe."
Ikarudiwa. Akafumba macho.
"Tena."
Mtu nyuma akaguna, maskini, anamlilia mumewe,
na hakimu, ambaye si mtu mbaya, akatazama saa.
"Tena, mheshimiwa. Ila safari hii msimsikilize yeye."

Msimsikilize yeye.
Tukamwondoa marehemu masikioni, tukabaki na nyuma yake:
jogoo, ndoo inayoburutwa, mtoto anaitwa akaoge,
halafu mbali, baada ya sikimbii,
honi. Ndefu. Mara mbili.

"Mimi nauza karanga pale stesheni, mwaka wa kumi na moja.
Machi nzima maji yalikata reli, haikuingia treni hata moja.
Kapu lilirudi kama lilivyotoka.
Tukala karanga asubuhi, tukala karanga usiku,
waulizeni watoto wangu, wanaijua Machi kwa matumbo.
Sauti ni ya mume wangu. Nitaikataaje?
Siku ndiyo si yake."

Sizya alinyoosha mkono kuichukua simu,
akaurudisha.

Barua ya stesheni ilikuja baada ya wiki mbili:
mihuri miwili, sentensi moja.
Dai likatupwa.

Jioni ile nilikuwa natia simu katika bahasha ya kaki,
kielelezo namba moja, kikisubiri rufaa kama itakuwapo,
nikamwona Nshoma bado yupo mlangoni, kapu kichwani.
"Karani, vitu hivi mnavitunza miaka mingapi?"
Nikamwambia.
Akahesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja,
akaanza wa pili, akaondoka kabla ya kufika mwisho.

Nikafungua jalada, ukurasa wa nne.
Pembeni, kwa penseli, ambayo hairuhusiwi,
nikaandika: hapa anakohoa.