Pimamaji

Wanaosema moto huzaa jivu
hawakuliona jokofu letu la zamani.
Mwali wake wa buluu, mdogo kama ukucha wa mtoto,
ulizaa barafu miaka ishirini na tisa,
kimya kimya, bila mota, bila kunung'unika.

Lilikuwa na sharti moja:
lisimame wima.
Gari likiinama vidole viwili tu, baridi iligoma,
maziwa yakachacha, samaki wakaanza kusema.
Ndiyo maana kila jioni, kuwe na mvua kusiwe na mvua,
Torleiv alishuka na kabari zake mbili za mbao,
nami nikabaki ndani, pimamaji juu ya meza,
nikikitazama kiputo kikitambaa kwenye kioo chake.
"Mbele kidogo! Rudi! Rudi, nimesema!
Basi. Hapo hapo."
Kwa ajili ya kiputo kile tuligombana Lofoten,
tukagombana Gaularfjellet,
na Uswidi tulinuniana siku mbili nzima.

Aprili hii mwali ulikataa kuwaka.
Eirin, mjukuu wa jirani, anayesomea umeme,
alipiga magoti, akapuliza kutu,
akaweka sikio kwenye bati, akainuka.
"Borghild," akasema, "huyu keshakwenda."
Nilicheka.
Daktari wa Førde alisema hayo hayo Novemba,
ila kwa maneno marefu zaidi.

Kulitoa ndiyo ilikuwa kazi.
Mlango una upana wa sentimita hamsini na mbili,
jokofu hamsini na nne:
waliliweka kwanza, kisha wakalijengea gari,
kama mtu aoaye halafu ndiyo atafute nyumba.
Tulifungua skrubu za kiti, tukang'oa bawaba,
tukang'oa na fremu yenyewe,
tukalitoa tumelikumbatia tumbo kwa tumbo,
bibi wa miaka sitini na nane na msichana wa kumi na tisa,
tukitukana kwa zamu.

Nyuma yake palikuwa na kiota cha nyigu, kikavu,
sarafu nne za Uswidi,
na penseli ya seremala iliyotafunwa mwisho.
Sarafu nilimpa Eirin.

Fundi wa gesi, mwenye leseni na haraka,
aliziba bomba la shaba, akaandika risiti, akaondoka.
Jipya lilitoka Bergen ndani ya boksi,
linakula betri, na betri inakula jua la paani.
Kushoto lilipwaya; nikapima pengo,
nikachora mstari kwa ile penseli, nikakata ubao.
"Na hili nalo," nikauliza, "linataka gari lisimame sawa?"
"Wapi! Hata ukiliegesha ukutani."
Alilisema kama habari njema.
Nikamkatia keki, kipande kikubwa.

Juni nilipanda Gaularfjellet peke yangu.
Theluji ilikuwa bado kando ya barabara, chafu, imechoka.
Nikaegesha pale petu, kwenye mteremko.
Kabari zilibaki sandukuni.
Pimamaji nililiweka mezani, mazoea tu:
kiputo kilikuwa kimekimbilia kona, kimejibanza.
Nikakiacha huko huko.

Jokofu jipya halinyamazi kama lile.
Huunguruma kidogo, kisha hukatiza,
kama mtu aliyekumbuka jambo
akaona heri asiliseme.
Na kitanda kiliinama.
Kila usingizi uliponichukua niliviringika polepole
mpaka ukutani, upande wake,
ambao tangu Novemba nauwekea nguo za kukunja.
Mara tatu nilijivuta, nikarudi kwangu.
Mara ya nne nilizisukuma nguo chini.

Asubuhi siagi ilikuwa ngumu,
ngumu kiasi cha kupinda kisu.