Shoti ya Arobaini na Moja

Miaka kumi na tisa tulikaa bega kwa bega,
mimi na Ghislaine, ghorofa ya nne, mtaa wa Saint-Laurent,
mapazia yamefungwa mchana kutwa
jua la Montreal lisije likatuharibia rangi.
Yeye alikuwa fundi wa pumzi.
Usicheke. Kazi ipo, na mshahara wake upo:
waigizaji wanapigwa picha studio, jasho linawatiririka
ndani ya makoti ya manyoya,
halafu mtu anakaa mbele ya skrini
anawatia mvuke mdomoni, fremu kwa fremu,
mpaka mtazamaji ajikunyate, atafute skafu.

Alizamisha miji pia. Daraja moja aliliangusha mara tatu
kwa kuwa mteja hakulipenda vumbi lake.
Usiku mmoja, saa tisa, akifuta waya
mgongoni mwa mtu anayeruka,
aliniuliza: "Anselme, huyu anaruka kwenda wapi?"
Nikatazama karatasi ya kazi.
Haikuandikwa.

Akaacha. Akauza gari, akamkopa kaka yake,
akaenda Rimouski katikati ya Januari
na watu tisa, kamera ya kukodi,
na hadithi ya kuenea kiganjani:
mjane anafua na kupiga pasi mashati ya mume
aliyekufa tangu vuli, anayatundika kabatini
kana kwamba kesho ni Jumatatu.
Hakuna kinacholipuka.

Siku ya kwanza aliboronga; mshika maiki kanisimulia.
Alimwambia Odile Arsenault, mwenye miaka sabini na mmoja:
"Kichwa kushoto. Kidogo. Hapo. Ukihesabu nne, macho chini."
Odile akageuza kichwa. Akahesabu.
Akaiweka pasi chini.
"Binti yangu, niambie huyu mama
amemkasirikia nani."
Na Ghislaine, ajuaye uzito wa kila chembe ya theluji,
hakuwa na la kujibu.
Alitoka, akakaa ngazini dakika arobaini,
watu jikoni wakinywa kahawa kwa kunong'ona.
Aliporudi, pua nyekundu, alisema tu:
"Mumewe. Walipatana kwamba mke ndiye atakayetangulia."
Odile akaishika pasi.

Sasa picha zimenifikia mimi
nizitengeneze rangi kwa bei ya urafiki.
Shoti ya arobaini na moja: Odile uani, kwenye kamba ya nguo,
shati limeganda, mikono juu kama aliyesalimu amri.
Analikunja kiwiko kwa nguvu lipate kupita mlangoni.
Na nyuma ya bega lake, peupe kabisa,
mtoto wa jirani, kofia nyekundu,
ameduwaa anatazama watu wa sinema.
Dakika kumi tu ningemfuta,
hata mama yake asingemkumbuka.
Nikampigia Ghislaine.

Kimya. Nikasikia upepo wa mto upande wake.
"Mwache. Msiba gani hauna mtoto wa kuchungulia?"
"Na pumzi?" nikasema. "Baridi yote hiyo,
na mdomoni mwa Odile hamna hata uzi wa moshi.
Nimtilie? Wewe ndiye uliyenifundisha."
"Hukutazama mpaka mwisho," akasema, akakata simu.

Nikatazama. Sekunde thelathini na moja
mwanamke amebana pumzi
amekumbatia shati gumu kama ubao,
nami sikuona, mimi niliyelipwa miaka yote ile kuona.
Kisha mlango. Kisha, mkono ukiwa kwenye kitasa,
ikatoka: nene, imepinda, imekwenda kombo,
upande ambao mteja yeyote angeirudisha.

Kwenye ankara nimeandika:
shoti ya arobaini na moja, saa sifuri.
Mhasibu wake amenipigia mara mbili
akidhani nimekosea.