Karatasi Haina Nusu

Darasa la pili B, Tandahimba.
Ubaoni hesabu za kujumlisha hazijafutwa.
Kalamu imefungwa kwa uzi mfupi.

Nangumbi anataka ghala libaki la ushirika.
Hapo mimi naye chanda na pete:
sijasahau bakuli la kangomba
lilivyomla baba, korosho zingali maua.
Lakini juzi jukwaani kasema
binti aliyezaa akae nyumbani, alee.

Somoe wangu alizaa kidato cha pili.
Karudi shule. Hisabati hashikiki.

Bi Chilumba angemshika Somoe mkono,
na maji angeyapandisha kutoka bondeni
nipumzike kununua ndoo kama nanunua mafuta.
Ila naye, kila mtu auze korosho apendavyo,
soko linajua lenyewe.
Soko!
Soko lilimjua baba yangu kwa jina.

Jirani yangu Mkwanda hucheka:
"Wewe huna chama, Fatu. Wewe popo."
Sawa. Si ndege, si mnyama,
lakini msimu huu wa mabibo
nani anajua lipi limeiva
kabla hatujaamka?

Msimamizi anakohoa. Foleni imefika mlangoni.
Ningeweza kuichana karatasi hii katikati,
kila mmoja nimpe kipande chake.
Zingeharibika zote mbili.

Nimetia vema. Wapi, siwaambii.
Nimetoka na wino kidoleni
juu ya vumbi la salfa lisilotoka,
na ubishi wote niliokuja nao.

Niliyempa,
kesho naanza kumbishia.