Msomaji wa Mabano

Katika igizo hili sichezi mtu.
Nimepewa kiti cha mwisho, mkono wa kushoto,
mswada uliochapwa usiku, karatasi bado vuguvugu,
na kazi moja: kuyasoma yaliyo ndani ya mabano.

Wenzangu wanne wana majina. Mimi ndimi mlango.
Nikisema, "Mlango unafungwa,"
watu themanini waliokunja makoti mapajani
wanausikia ukijibamiza, mlango ambao hatuna.
Ndimi karabai. Ndimi birika linalochemka.
Ndimi mbwa anayebweka nje, mara mbili.
Theluji tu ndiyo hainihitaji:
ipo dirishani, inacheza sehemu yake bila mswada.

Mchana ni dereva wa greda.
Nasukuma theluji kutoka daraja la Tolliver
hadi njia panda ya makaburini, kisha narudi,
maana nyuma yangu imekwisha kuanguka nyingine.
Waliniomba kwa ajili ya sauti yangu.
Nilikubali kwa ajili ya supu.

Kila mwezi wa pili wanatupandia, hawa watu wa maigizo mabichi,
na ukumbi wa wachimba fedha unafunguliwa
pamoja na baridi yake yote
na misumari ya kutundikia kofia za watu waliokwisha kufa.
Mgeni njoo mwenyeji apone, husema mwenye hoteli,
naye anafikiria vitanda.

Mtunzi ni Corliss Haugen, kutoka nchi tambarare,
ambako kitu kirefu kuliko vyote ni ghala la mahindi.
Hewa yetu haimtoshi. Anakaa safu ya nyuma
na penseli, na kila ninapogeuza ukurasa
nasikia: kwaru. Kuna mtu kanyang'anywa sentensi.

Igizo lake linahusu mgodi ulioingiwa na maji.
Ukurasa wa mwisho, siku ya kwanza, nilisoma:
"Mke anasimama dirishani. Analia."
Kisha Anselma Archuleta, anayecheza mke,
akasema ukurasa mzima na nusu kuhusu mapenzi, maji na Mungu.
Tulipigiwa makofi.

Yakaja maoni. Daktari wa meno kutoka bondeni
alitaka kujua maji yaliingia kwa sababu gani.
Kijana mmoja alisema neno "muundo" mara saba.
Halafu Bi Verna Stokkeland, miaka tisini na moja,
aliinua fimbo badala ya mkono.

"Hatukulia," alisema. "Tulipika.
Wale waliokuwa wakiwatoa walikuwa na njaa."

Akakaa. Hakuna aliyemfuata.
Nilitazama nyuma: penseli ilikuwa imesimama hewani.

Jumamosi nikaletewa ukurasa mpya, mwepesi mno.
Hotuba yote haikuwemo. Mapenzi, maji, Mungu, vimekwenda na maji.
Anselma hakuwa na neno hata moja.
Yaliyobaki yalikuwa yangu, yote ndani ya mabano,
nami nikakauka koo kama mtoto anayeitwa ubaoni.

"Anamenya viazi," nilisoma.
"Vingi kuliko watu waliomo nyumbani."

Chini yake: "Kimya."

Sasa kimya kinasomwaje?
Nilikisema kama ninavyosema "daraja" kwenye redio ya greda,
bila mapambo, kisha nikafunga mdomo.
Anselma hakufanya lolote. Mikono yake ilikuwa mezani.
Aliyemenya ni Bi Verna, safu ya pili:
kidole gumba kikitembea juu ya goti, polepole,
kikizunguka kitu cha mviringo, kikikiweka chini,
kikichukua kingine.

Nilipaswa kusema, "Taa zinazimika."
Nilichelewa. Mwelekezi alinikanyaga mguu.
Nilichelewa tena.

Alfajiri niko barabarani, injini inanguruma,
na ninajisikia, mjinga mimi, nikisoma kwa sauti:
Anashusha bapa la chuma.
Mbwa wa kina Ostberg anavuka.
Dirisha la jikoni kwa Bi Verna: lina mwanga.
Anapunguza mwendo.